Hodi Tumboni mwa Nakijwa

Hadithi hii haijatokea bado. Ikija kutokea, msiseme hamkuambiwa.

Bibi Namkunda alipuliza kijiko cha uji, akakigusisha mdomoni mwake kupima moto, ndipo akakipeleka kwa mjukuu wake. Nakijwa akafungua kinywa, akameza. Kisha wote wawili wakainamisha vichwa kukitazama kibwebwe, kama watu wanaochungulia chungu kuona kama kimeanza kuchemka.

Kibwebwe chenyewe kilikuwa cha zambarau, kimefumwa kwa uzi wa pamba na nyuzi nyembamba za shaba, kimemzunguka mtoto tumboni. Kila mtoto wa Kwemvumo hufungwa cha kwake siku anapoonja chakula cha kwanza, na hakivui ila akienda kuoga. Kikipata joto, tumbo limepokea. Kikipoa na kubana, tumbo limegoma.

Kilipoa.

"Mwizi," ikasema sauti ndogo kutoka kwenye pindo, sauti ya kukatakata kama ya mtoto anayejifunza kusema. "Mwizi kaingia."

"Si mwizi, baba," Bibi Namkunda akamwambia kwa upole, maana kumfokea bawabu ni sawa na kumfokea mtoto mchanga, unachoka wewe tu. "Ni uji wa ulezi. Unaujua. Umeupokea tangu hujajua kusema."

"Mwizi," bawabu akarudia, na kibwebwe kikajikaza.

Nakijwa alijikunja. Uji ukarudi wote kwenye beseni, ukafuatwa na maji ya nyongo, na safari hii mlikuwa na uzi mwembamba wa damu. Bibi Namkunda akafunika beseni haraka kwa kitambaa ili mtoto asiuone.

"Bibi, nimejaribu," Nakijwa alisema.

"Umejaribu, mke mwenzangu. Umejaribu kushinda mtu mzima."

Mke mwenza ndilo jina waliloitana tangu zamani, kwa sababu Mzee Mbonea, mume wa Bibi Namkunda, alipomwona huyu mjukuu siku anazaliwa alitangaza hapohapo kwamba amepata mke mdogo, na yule mkubwa akitaka ugomvi aseme mapema. Yule mkubwa hakutaka ugomvi. Waliishi wote watatu kwa raha, mume mmoja na wake zake wawili, mmoja hana meno ya mbele na mwingine yake ndiyo kwanza yanaota.

Sasa Nakijwa alikuwa amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa kuliko uso. Dripu ilikuwa inaingia mkononi mwake, na daktari alishasema wazi: dripu inamshika mtoto asianguke, lakini haimlishi.

Naetwe, mama yake Nakijwa, aliamka pale kitini alipokuwa amesinzia. "Imekaa?" aliuliza.

Naetwe akaliona beseni lililofunikwa, akageuza uso dirishani. Huko nje neti za ukungu zilikuwa zimetandazwa mlima mzima, zinakinga maji ya kunywa ya mji wote. Naetwe alikuwa fundi wa neti hizo. Watu walihamia kukinga ukungu baada ya mito kuingiwa na mchirizi, kile kidudu kilicholeta msiba mkubwa enzi za ujana wa Bibi Namkunda. Mchirizi ulikuwa na hila moja: ulijifunika protini zinazofanana na za chakula, ukaingia mwilini kama chakula, na askari wa tumbo wakaupisha. Ulipovua joho lake, watu walikuwa wameshachelewa. Ndipo wataalamu wakatengeneza bawabu, vidude hai visivyoonekana kwa macho, mtu anavimeza na uji wake wa kwanza, vinakaa tumboni vikimjua mtu wake na chakula chake, na kusema kupitia kibwebwe, mpaka mwisho wa maisha. Mtu asiye na bawabu hakuweza kuishi Kwemvumo. Wala kwingine kokote, siku hizi.

*

Mlango ulifunguka wenyewe, daktari akaingia. Milango yote ya hospitali ile ilimtambua mtu kwa joto la mwili wake, ikafunguka kabla hajafika. Watu walikuwa wanaingia vyumbani mwa wenzao kama paka.

Daktari Kihwelo alikuwa kijana wa Iringa, mpole, mwenye tabia ya kukuna kidevu akiwa na habari nzito. Alikuwa anakikuna.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Ukisimama hivyo unanitisha."

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamchezea Nakijwa vidole vya miguu kidogo, halafu akanyoosha mkono ukutani. Ukuta ukawaka picha: utumbo mwembamba wa Nakijwa, mwekundu, umevimba, ukipumua kama kitu kilichoumizwa.

"Naomba niwaeleze, mama na bibi, halafu tuamue pamoja," alisema. "Utumbo ni mlango. Ngozi inaweza kukataa kila kitu, na sisi tukabaki wazima. Utumbo ukikataa kila kitu, mwenyewe anakufa njaa. Ukikubali kila kitu, anakufa kwa sumu. Ndiyo maana askari wengi wa kinga ya mwili wamewekwa huku tumboni, si kwingine."

"Ndiyo maana mtu akiwa na hofu huumwa tumbo," akasema Bibi Namkunda.

"Hilo nalo lina sababu yake, Bibi, tutaliongea siku nyingine." Akatabasamu. "Tazama hapa. Juu ya ukuta kuna ute, kama ute wa bamia, wadudu wateleze wasipate pa kushika. Ndani ya ute wanakaa wapangaji, bakteria wazuri, wanatusaidia kusaga chakula, na wao wanapata pa kuishi. Nyuma ya ukuta kuna seli zenye mikono mirefu. Zinachota kidogo cha kila kinachopita, zinapeleka hapa." Akagusa vijiduara vilivyotapakaa ukutani mwa utumbo. "Hizi ni baraza. Hapa ndipo wazee wa tumbo wanapokaa na kuamua: huyu chakula, huyu mpangaji, huyu adui. Adui anaitiwa askari. Anapakwa kingamwili kama mtu aliyepakwa tope, asiweze kushika chochote. Lakini chakula kikipita kwa amani mara nyingi, huzaliwa seli nyingine, sisi tunaziita wasuluhishi. Kazi yao ni kuwaambia askari: tulieni, huyu ni wetu."

"Na bawabu?" Naetwe aliuliza kwa sauti kavu.

"Bawabu amekaa barazani. Yeye hapigani. Yeye anamnong'oneza msuluhishi tu. Bawabu wa Nakijwa amenyamaza huko barazani. Hanong'onezi kitu. Basi wasuluhishi wamekaa kimya, na askari wanapiga kila kinachoingia: uji, maziwa, hata wapangaji wao wa siku zote. Na wakikosa wa kumpiga wanaupiga ukuta wenyewe. Ile damu ni ukuta."

Nakijwa alikiwekea kibwebwe mkono juu, kama mtu anayemziba mwenzake masikio. "Msimseme vibaya," alisema. "Hajafanya makusudi."

"Hakuna anayemsema vibaya, mrembo," daktari akamwambia. Halafu akakuna kidevu. "Jana nilimsikiliza. Nilitaka kujua, zile siku alizokuwa anafungua mlango bila shida, alikuwa anasikia nini kabla ya kufungua. Mabawabu hushika sauti. Sikilizeni."

Akagusa pindo la kibwebwe, na chumba kikajaa sauti ya Mzee Mbonea.

"Hodi! Hodi wenyewe! Hodi hapa kwa mke mdogo! Kuna makande yamesimama mlangoni yanapigwa na baridi!"

Na kicheko cha Nakijwa, na sauti yake ikipaza: "Karibuuu!"

Bibi Namkunda alishika ukingo wa kitanda. Mzee Mbonea alikuwa mtu wa hodi. Mji mzima wa Kwemvumo ulishaacha, milango inafunguka yenyewe hodi ya nini, yeye alisimama mbele ya mlango uliokwisha kufunguka, akapiga hodi, akangoja. Hata akienda kwa kuku wake. Na kwa kuwa Naetwe alishinda kwenye neti, mzee ndiye aliyemlisha Nakijwa tangu uji wa kwanza, na kila kijiko, kila kijiko kabisa, alikipigia hodi mdomoni mwa mtoto.

"Bawabu alijifunza kwa babu," daktari alisema. "Kwake yeye chakula ni kile kinachopiga hodi. Kinachoingia bila hodi ni mwizi. Na hodi anayoijua ni moja."

"Babu kasafiri," bawabu akasema kutoka pindoni, kana kwamba ameulizwa. "Bawabu anangoja. Babu akirudi, bawabu anafungua."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Siku Mzee Mbonea alipofariki, Nakijwa alipelekwa kwa jirani, Mama Senkondo, akacheze. Wakazika. Aliporudi nyumbani akauliza babu yuko wapi, Naetwe akamwambia neno ambalo watu wazima wa milima ile wamewaambia watoto tangu hakijazaliwa kitu kinachoitwa bawabu: "Babu amesafiri." Ni neno la huruma. Huambiwa mtoto, na mtoto akikua huelewa mwenyewe, bila mtu kumkalisha chini. Lakini neno hilo lilisikiwa na wawili.

*

Walitoka kuongea koridoni, Nakijwa asisikie.

"Nina njia tatu," daktari alisema. "Ya kwanza ni kumwosha tumbo, kumtoa bawabu tukamweka mwingine. Kwa mtoto mnene ningesema ndiyo. Lakini dawa ile inaua na wapangaji wote, ukuta unabaki mtupu. Nakijwa hana nguvu za kusubiri mpaka uote tena. Siishauri."

"Ya pili?"

"Sauti ya mzee tunayo. Naweza kuitengeneza ipige hodi kila mlo, leo, kesho, maisha yake yote. Bawabu atafungua leo hii. Ya tatu ni kumwambia bawabu ukweli. Akikubali, tunamfundisha hodi nyingine polepole. Asipokubali..." Akakuna kidevu. "Bawabu hafikiri kama sisi, Bibi. Sijui ataufanyia nini ukweli. Wapo waliofunga kabisa."

"Ya pili," akasema Naetwe.

"Subiri, mwanangu."

"Nisubiri nini, mama? Umeona damu? Umeona mikono yake?"

"Nimeona. Nauliza tu. Tutamfanyia mtoto sauti ya marehemu mezani mpaka lini? Siku anaolewa, babu anapiga hodi? Siku anazaa, babu anapiga hodi? Huyo mume wangu tutamlaza lini?"

"Akiwa hai wa kuolewa, nitafurahi kumsikia baba akipiga hodi harusini." Machozi yalikuwa yanamtoka Naetwe bila yeye kuyajali. "Mama, ukweli mtamu ukiwa umeshiba."

Bibi Namkunda aliyatafakari maneno hayo. Alikuwa mtu wa kutafakari. Akichambua mchele hurudia ungo mara mbili hata kama hauna chuya. Alimwona binti yake, mifupa ya shingo imemtoka kama ya mtoto wake. Akaona kwamba huyu naye hajala.

"Haya," alisema. "Mpigie hodi."

*

Ilifanya kazi. Ilifanya kazi vizuri mno.

Sauti ya Mzee Mbonea ikaita kutoka pindoni, "Hodi wenyewe!", Nakijwa akashtuka, macho yakawaka, akaitikia kwa sauti ambayo hawakuisikia tangu alazwe. Kijiko kikaingia. Kibwebwe kikapata joto. Cha pili, cha tatu. Nusu kikombe nzima ikakaa, na Naetwe akatoka koridoni akalia kwa furaha akiwa ameegemea ukuta. Pale kwenye picha ya daktari, uwekundu ulianza kupungua ukingoni, kidogo tu, kama moto uliomwagiwa maji ya mkono mmoja.

"Babu karudi!" Nakijwa alisema. Akajivuta akae. "Bibi, babu karudi! Yuko nje?"

Bibi Namkunda akawa anapangusa kikombe kilichokwisha kupanguswa.

"Bibi. Kapiga hodi, nimemkaribisha. Mbona haingii?"

"Kunywa kwanza, mama."

"Kanikasirikia?"

"Nani akukasirikie wewe?"

"Sasa mbona haingii? Mtu akikaribishwa anaingia. Babu ndiye aliniambia. Aliniambia mtu anayepiga hodi, ukamkaribisha, akakaa kimya, usimfungulie, huyo hana nia njema."

Kibwebwe kilikuwa bado kina joto. Wakasikia sauti ndogo ikitafuta maneno, polepole, kama mtu anayepapasa gizani.

"Hodi ipo. Babu hayupo," bawabu alisema. "Hodi ya nani? Mwizi... mwizi kavaa hodi?"

Daktari Kihwelo alisimama ghafla. Alitazama ukutani, na Bibi Namkunda akamtazama yeye, na katika uso ule wa kijana akaelewa kabla hajaambiwa.

"Anafikiri ni kama mchirizi," daktari alisema kwa sauti ya chini. "Kitu kilichovaa nguo za kitu kingine. Ndiyo kazi aliyoumbiwa, kuwakamata wa namna hiyo. Bibi, nimekosea. Tukiipiga tena sauti hii, ataiweka hodi yenyewe kwenye orodha ya maadui. Hapo hatutakuwa na neno la kumfungulia. Hata moja."

Naetwe alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Akamgeukia mama yake.

"Mwambie wewe, mama," alisema. "Mimi mdomo haufunguki."

*

Bibi Namkunda hakumwambia pale kitandani. Aliomba mkeka. Hospitali ile haikuwa na mkeka, ikabidi Mama Senkondo apigiwe simu aje nao, naye akaja anahema, kaubeba kichwani, analalamika kwamba mlango wa hospitali umemfungukia kwa haraka mpaka umemvuta kanga. Wakautandika sakafuni. Bibi Namkunda akavua viatu, akajifunga kanga kichwani, akakaa amenyoosha miguu kama wanavyokaa wafiwa. Naetwe akakaa pembeni yake. Daktari akambeba Nakijwa na dripu yake, akamweka mapajani mwa bibi yake, halafu, hakuna aliyemwambia, na yeye akavua viatu, akakaa.

"Mke mwenzangu," Bibi Namkunda alianza. "Mume wetu hakusafiri."

Nakijwa alimtazama.

"Mume wetu amefariki. Alikuwa amekaa pale uani, anawachambulia kuku wake mtama, moyo ukasimama. Hakuumia. Tukamzika kule juu, upande wa mgomba wake. Hatukukwambia, kwa sababu tulikupenda tukaogopa."

"Kafariki ni kufa?"

"Ni kufa, mama."

"Kama yule jogoo?"

"Kama jogoo, lakini jogoo hatukumlilia. Babu tumemlilia sana."

Nakijwa alifikiri. "Mimi nilikuwa wapi?"

"Kwangu," Mama Senkondo akasema, na sauti ikamkatika. "Ulikuwa kwangu unaruka kamba, mwanangu."

"Wenzangu wote walimtupia udongo?"

"Walimtupia."

"Mimi sikumtupia."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa kelele, hakuwa na nguvu za kelele. Alilia ameficha uso kifuani mwa bibi yake, na bibi yake akawa anampapasa mgongo, kila mfupa anauhisi. Na chini ya mkono wake Bibi Namkunda alihisi kibwebwe kikipoa. Kikapoa kuliko siku zote, kikawa kama jiwe la mtoni, kikabana. Vile vijiduara vya barazani pale ukutani vikafifia, kimoja, kingine, kingine tena. Daktari akainua kidole kuonyesha, kisha akakishusha, kwa sababu hakukuwa na la kuonyesha.

"Bawabu," daktari aliita. Kimya. "Bawabu wa Nakijwa." Kimya.

Naetwe akafumba macho.

"Mwacheni," akasema Bibi Namkunda. "Mtu akiletewa msiba hafungui mdomo saa ileile. Na sisi hatukufungua."

Wakakaa. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukafunika dirisha, ukaondoka. Mama Senkondo akasimulia jinsi Mzee Mbonea alivyompigia hodi mbuzi wake, mbuzi akamjibu, na mzee akasema, "Basi nimekaribishwa, leta jani." Watu wakacheka kama watu wanavyocheka msibani, wakipangusa macho. Nakijwa naye akacheka kidogo ndani ya kanga. Mama Senkondo alikuwa amekuja na chupa ya uji wa ulezi, kwani nyumba yenye msiba haipiki, huletewa. Yeye alishika desturi tu, hata nyumba yenyewe ikiwa ni wodi. Bibi Namkunda akaumimina kikombeni. Akampa Naetwe kijiko cha kwanza, na Naetwe akala, chakula chake cha kwanza tangu asubuhi.

Halafu Bibi Namkunda akamweka Nakijwa mapajani mwa mama yake, akachukua kikombe, akatoka nje.

Mlango ukafunguka kumpisha, ukajifunga. Aligeuka arudi. Kabla hajafungua kinywa, mlango ukafunguka tena.

"Hebu," alisema. Akarudi nyuma hatua mbili. Mlango ukajifunga. Akasogea. Ukafunguka. "Mlango huu hauna adabu. Unamwingiza mtu hata hajasema."

Daktari aliinuka, akaenda, akabonyeza kitu juu ya fremu mpaka taa yake ikazima, kisha akaushika mlango kwa mikono yake miwili, akaufunga na kuuegemea kama mtu anayezuia ng'ombe. "Sasa, Bibi," alisema kwa ndani.

Nje ya mlango Bibi Namkunda alijiweka sawa. Hakuiga sauti ya mume wake. Alitumia yake mwenyewe, nyembamba, yenye mkwaruzo wa uzee.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi wenyewe."

Naetwe alikuwa amekishika kibwebwe kwa viganja viwili kama anayekipasha moto.

"Nani?" ikasema sauti ya pindoni.

"Ni Bibi Namkunda. Mke mkubwa wa Mzee Mbonea. Nimekuja na uji."

"Babu haji?"

"Haji, baba. Hatakuja tena."

"Bawabu hakuambiwa."

"Hukuambiwa. Ulikaa mlangoni unangoja, na sisi tunakuona unangoja. Hatukufanya vizuri."

Pale ukutani, kiduara kimoja kikawaka, dhaifu, kama kibatari kinachokaribia kuzima.

"Pole, Bibi," alisema.

Bibi Namkunda alikuwa hajaambiwa pole na mtu aliyempenda mzee kwa namna ile, kwa kungoja mlangoni. Pole za mazishi zilikuwa nyingi, alizipokea zote kwa macho makavu akihangaikia watu wa kupika na maji ya kunawa. Hii ilimwangusha. Aliegemeza paji la uso kwenye mlango, akalia, kikombe mkononi, akijitahidi kisimwagike. Upande wa pili daktari alihisi mlango ukitetemeka, akauegemea zaidi ili usimwache Bibi aanguke.

"Tumepoa, baba," alisema hatimaye. Ndivyo wanavyojibu wafiwa. "Tumeshapoa."

"Karibu," alisema Nakijwa ndani, kwa sauti ya chini.

Na baada yake, ile nyingine ya pindoni, ikijaribu neno ambalo siku zote lilikuwa la mtoto si lake: "Karibu."

Daktari akafungua mlango. Bibi Namkunda akaingia na uso wake umelowa, hakuufuta, akapiga magoti mkekani, akapuliza kijiko.

Nakijwa alimeza. Wote watano wakainamia kibwebwe.

Hakikupata joto chote. Kilipata joto mahali padogo, pa upana wa kiganja, upande wa kulia chini ya mbavu, kwingine kukabaki baridi. Daktari alinong'ona kwamba ndivyo inavyokuwa, wasuluhishi hawazaliwi kwa hodi moja, wataletwa kijiko kwa kijiko, siku kwa siku, na leo wasizidishe. Mtoto atabaki hapa hospitalini muda mrefu, alisema. Kwamba atapona kabisa, yeye hawezi kuahidi. Naetwe aliitikia kwa kichwa kwamba anaelewa, kiganja chake hakikuondoka pale palipo na joto.

"Bibi," Nakijwa alisema. "Uji unapoa."

"Daktari amesema kidogo."

"Kimoja tu. Halafu twende tukamtupie babu udongo."

"Ukiweza kutembea, mke mwenzangu, tutakwenda mimi na wewe."

Mama Senkondo alikuwa ameshachukua chupa yake, ametoka kuongeza maji ya moto, na daktari ameufunga mlango nyuma yake. Wakamsikia akirudi koridoni kwa ndara zake, akagonga kifua kwenye mlango uliozimwa, akaguna.

"Jamani, huu mlango leo una nini? Hodi! Hodi humo ndani, nina chupa ya moto!"

Naetwe alifungua kinywa aitikie. Bibi Namkunda akamshika mkono. Aliweka kijiko kikombeni, akakigeukia kibwebwe, akangoja mwenye mlango aseme.